Mgema wa Kiwanda cha Nyanya

Siku kiwanda cha nyanya kilipofunguliwa pale Ilula, kopo la kwanza la sosi lilinuka ulanzi, ile pombe ya mianzi. Wageni walicheka, wakasema basi huo ndio Uhehe wenyewe. Meneja Anord hakucheka. Yeye ni mtoto wa palepale, na alijua nini kiling'olewa ili mtambo wa kuchemshia upate nafasi: mianzi ya mzee Kalinga.

Kalinga alikuwa mgema. Asubuhi anakata ncha ya chipukizi kidogo tu, anatega mbeta, kile kikopo cha mwanzi, ulanzi udondokee humo. Jioni anarudi kukata tena. Kabla ya ujenzi alimwomba Anord kwa upole, "Mwanangu, ngoja msimu uishe. Machipukizi bado machanga, yanatoa. Yakikomaa hayana kitu, ng'oa unavyotaka."

"Ndiyo, baba," Anord akaitikia.

Kesho yake akaleta tingatinga. Ndiyo gani hiyo, mtu mzima na akili zake? Mzee alisimama na kisu chake mkononi akaangalia mpaka mwisho, akaenda kulala, hakuamka tena.

Basi wiki ile ile ya ufunguzi, Anord ameamka anapiga mswaki, akaona ncha ya kidole chake imekatwa, mkato mwembamba, hauumi. Damu hakuna. Yalitoka maji meupe, to, to, to, kwenye sinki. Jioni yuko mezani anamega ugali, kidole kikakatwa tena mbele ya mkewe, Lea, na kisu hakionekani.

Lea alimvuta mtoto wao kifuani. "Baba Prisca," alinong'ona, "kunanuka ulanzi humu."

Wakaenda kwa Faustina, mjane wa Kalinga, ambaye watu humwendea kwa mambo kama hayo. Aliitikia shikamoo yao bila kuwakaribisha ndani.

"Anataka mianzi yake pale pale," alisema. "Uondoe mtambo, uirudishe. Mizizi ipo nyuma ya kiwanda, haijafa."

"Bibi, nikigusa ule mtambo sina kazi."

"Haya. Umeshamjibu."

Tangu hapo kila asubuhi na kila jioni kisu kilipita, na ile to, to, to ikamfuata Anord ofisini, ikamfuata kanisani katikati ya sala, ikamfuata hadi kwenye kikao na wakubwa zake huku ameficha mkono mfukoni na suruali inalowa na harufu inapanda na kila mtu anageuka kumtazama, mpaka mkono mzima ukasinyaa na kidole kikakauka kabisa.

Asubuhi moja hakukatwa. "Ameniacha," alimwambia Lea, akanywa chai kwa raha.

Jioni Lea akamwogesha Prisca, mtoto ambaye hata kutembea bado. Anord akasikia to. Aliingia mbio. Mtoto alikuwa kwenye beseni, anacheka, amemnyooshea mtu asiyeonekana kidole, na nchani yanadondoka maji meupe.

Anord alipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa. "Baba Kalinga, nisamehe. Kesho nauvunja ule mtambo kwa mikono yangu. Mwache mtoto, tafadhali."

"Ndiyo, mwanangu," sauti ya mzee ikaitikia kwa upole.

Asubuhi Anord akatoka na nyundo. Hajafika getini, akamsikia Lea akimwita kutoka ndani, na nyuma ya sauti yake, to, to, to.