Programu Aliyompa Mjomba

Msimu wa alizeti ukifika, ofisi ya Ushirika wa Tumaini, njia ya kwenda Sepuka, hujaa watu tangu asubuhi. Wakulima wanashusha magunia, yanapimwa, na mashine ndogo inatoa stakabadhi. Zamani waliandika kwa mkono na kugombana. Siku hizi hawagombani, kwa sababu ya programu ya kompyuta aliyoiandika Evodia, mwajiriwa wa ushirika. Aliiandika kwa miezi minne. Alijivuna kidogo, na nani angemlaumu?

Mjomba wake, Ezekieli, ni mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki Mkiwa. Siku moja alimlalamikia. "Mpwa wangu, asali tunaiandika kwenye madaftari, na madaftari yanaliwa na panya."

Evodia hakufikiri mara mbili. Alinakili ile programu, akabadilisha alizeti kuwa asali, akaipeleka Mkiwa.

"Nimewapa," alisema mbele ya kikundi. "Nimeitunga mwenyewe."

Wakamchinjia kondoo. Evodia alishiba nyama, akashiba na sifa.

Wiki tatu baadaye, mzee mmoja aliingia ofisini kwa ushirika.

"Shikamoo mzee," Evodia alisema bila kuinua macho.

"Marahaba. Nimefuata malipo ya ndoo zangu mbili za asali. Niko kwa binti yangu hapa jirani, nikaona nisirudi hadi Mkiwa."

Meneja, Bwana Noel, alicheka. "Mzee, sisi tunapokea alizeti tu."

"Mbona karatasi ina jina lenu? Nilijua mmeungana na kikundi chetu."

Noel aliipokea stakabadhi. Juu iliandikwa Ushirika wa Tumaini. Evodia alikuwa amesahau kulifuta jina.

"Evodia, hii imetoka wapi?"

"Sijui, bosi."

Mzee akamtazama vizuri. "Si wewe mpwa wa Ezekieli? Si ndiwe tuliyekuchinjia kondoo?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Evodia haikufika hata mlangoni. Wakulima wote walimgeukia. Aliona aibu hadi masikio yakawaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kesho saa nne uje unieleze," Noel alisema taratibu. Afadhali angefoka.

Jioni hiyo Evodia alikwenda kwa jirani yake, Luciana, msaidizi wa kisheria wa kata. Alimkuta akichambua mlenda.

"Dada, nitafukuzwa kazi. Lakini programu si niliiandika mimi?"

"Uliiandika kwa agizo la nani?"

"La ushirika."

"Mshahara nani alikulipa?"

"Ushirika. Ila Jumapili nyingine niliifanyia nyumbani."

"Hata Jumapili, kazi ilikuwa ileile waliyokuagiza. Baba yako huchonga mizinga. Mtu akimwajiri, akampa magogo na kumlipa, mzinga ni wa nani?"

"Wa aliyemwajiri."

"Baba anaweza kuubeba akampa shemeji yake?"

Evodia aliinamisha kichwa. Hapo ndipo aibu ilipomwingia hasa. Alikuwa ametoa sadaka ya mali ya watu.

"Kwa kawaida," Luciana alisema, "programu ya kazi ya ajira, haki ya kuitumia, kuinakili na kuiuza ni ya mwajiri, mkataba usiposema vingine. Wewe unabaki mtunzi, na ujuzi ni wako. Shoka la baba halibaki kwa mwenye mzinga."

"Na ningeifanya kwa mteja, bila kuajiriwa?"

"Hapo msitegemee maneno ya mdomo. Andikeni kabla ya kuanza: programu itakuwa ya nani, nani ataibadilisha, nani ataiuza. Msipoandika, kila mtu atadai yake."

Kesho yake Evodia alimweleza Noel kila kitu, na ule uongo pia. Alilia. Noel alimpa onyo la maandishi. Kisha akawaruhusu watu wa Mkiwa, kwa barua, kuitumia programu hadi mwisho wa msimu, jina la ushirika likiondolewa. Alimruhusu pia Evodia, kwa barua nyingine, kukiandikia kikundi programu mpya siku za Jumamosi, kwa kompyuta yake mwenyewe, bila kunakili ile ya ushirika.

Lililokuwa gumu zaidi ni kwenda Mkiwa. Alisimama mbele ya watu walewale waliomchinjia.

"Niliwapa kitu kisichokuwa changu," alisema. "Naomba mnisamehe, niwaandikie nyingine."

Mama mmoja akasema, "Kondoo tumeshamla, hatatapikwa. Endelea, mwanangu."

Programu mpya ilichukua miezi mitano. Kabla ya kuianza, waliandika mkataba. Siku ya kuikabidhi, mjomba Ezekieli alivaa miwani, akausoma tena kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Programu hii ni mali ya kikundi. Mtunzi ni Evodia." Alivua miwani. "Basi mpwa wangu, leo ndiyo umetupatia."

Safari hii Evodia aliweza kumtazama usoni.