Hodi Kwenye Kibanda cha Transfoma

Mchoraji alibisha hodi kwenye mlango aliouchora mwenyewe. Alikuwa ametoka kunywa chai, mawazo yako mbali, brashi kwapani, akagonga ukuta wa kibanda cha transfoma kwa adabu zote. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alicheka mpaka sindano ikamponyoka, akauliza kama wenyewe wapo. Mchoraji naye akacheka. Kazi yake ilikuwa kudanganya macho ya watu, na ya kwanza kudanganyika yalikuwa yake.

Shirika la umeme lilitaka kibanda kifanane na kijumba cha kupendeza: mlango wa samawati, dirisha, maua yanayotambaa. Chini ya maua hayo kulikuwa na masizi. Miezi mitatu nyuma, shemeji yake, fundi umeme, aliungua humo akafa. Ripoti ilisema aliingia kwa hiari yake, hakutumwa na mtu. Dada yake mchoraji, mjane wa marehemu, hakutaka kingine ila shirika likiri kwamba lilimtuma. Mchoraji akamshauri aachane nao, wakubwa wana karatasi zao. Kisha akachukua kazi ya kuyafunika masizi yale, akijiliwaza kwamba angalau shemeji amepata maua.

Saa saba mchana barabara ikatulia. Fundi viatu alikwenda kula. Mchoraji akachuchumaa kumalizia kitasa.

"Karibu, shemeji."

Brashi ikasimama. Sauti ilitoka ndani, nyuma ya kitasa. Pale palikuwa na matofali matupu. Mlango wa kweli ulikuwa upande wa pili, una kufuli.

"Walinituma," ikanong'ona. "Nikiwa humu, wakawasha umeme."

Hakukimbia. Alibaki amechuchumaa. Ukuta ukapata joto. Rangi mbichi ikaanza kuvimba. Taratibu. Vidole vinne. Gumba. Kiganja kizima, kikisukuma kutoka ndani.

Alifika kwa dada yake na kiatu kimoja mguuni. Alimkuta uani akianua nguo. Akamweleza yote: shemeji alitumwa kweli, ametamka mwenyewe, na kiganja kipo pale ukutani, rangi imekauka nacho, kimetokeza kama mtu angali anasukuma. Kesho waende wote wawili kwa meneja.

Dada akakunja shati, akaliweka kwenye beseni, akachukua lingine.

"Mimi nilijua tangu siku ile, mdogo wangu. Wewe ulingoja uambiwe na maiti."