Maji ya Safa

Mimi ni mwoga. Nasema mapema, kabla mtu hajanisemea. Naitwa Khadijah, nauza mitumba ya watoto soko la Kibuye, na kwa miaka mingi kitu nilichokiogopa kuliko vyote duniani kilikuwa simu yangu mwenyewe.

Ikilia tu, mikono inakuwa baridi hata kama jua la Februari linachoma mabati. Dorca, jirani yangu wa sokoni, alikuwa ananicheka.

"Wee Mama Safa, shika simu! Kwani itakuuma?"

Mimi naangalia kwanza kama ni namba ya shule. Kama siyo, napumua. Halafu ndio nasema haloo.

Sababu ilikuwa Safa, binti yangu wa miaka kumi na moja. Safa ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi hapa Kisumu wanauita sikoseli. Kaka yake Farouk alikuwa nao pia, lakini hatukujua. Tulidhani ni malaria, halafu malaria tena, malaria kila mwezi. Akafariki akiwa na miaka minne. Kwa hivyo Safa alipovimba vidole akiwa bado mchanga, tulimkimbiza hospitali. Akapimwa damu, tukaambiwa jina la ugonjwa. Tangu siku hiyo nilikuwa naishi na hofu kama mtu anayeishi na mpangaji asiyetaka kuhama.

Tunakaa Nyamasaria. Kila asubuhi nilikuwa nampa Safa vidonge vyake, nahakikisha amebeba sweta, kisha najaza chupa yake ya lita moja. Kliniki walituambia mtoto huyu lazima anywe maji mengi.

"Maji yote, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Yote, Safa."

"Mama, nimesikia! Chupa itarudi tupu."

Na kweli, jioni chupa ilirudi tupu. Nilikuwa naitingisha karibu na sikio, nisikie kama kuna tone. Hakuna. Namsifu mbele ya baba yake, Mbarak, ambaye ni fundi wa magari kule Mamboleo.

"Umeona mtoto mtiifu?"

Mbarak anatabasamu. Safa anaangalia sahani yake, anaendelea kula.

Jambo moja sikulifanya. Sikuiambia shule.

Shule ya kwanza waliijua hali yake, na ilituponza. Siku moja Safa aliumwa darasani, mwalimu mkuu akanipigia simu. Akasema, "Mama, njoo mchukue mtoto wako. Hatutaki afie hapa." Alisema hivyo, na Safa amekaa karibu yake anasikia. Wiki hiyo hiyo watoto wakaanza kukataa kukaa naye, eti ataambukiza. Tukamtoa.

Shule ya pili wakatupa fomu ya kujaza. Kulikuwa na swali: Je, mtoto ana ugonjwa wowote? Nikaandika, Hapana.

"Usimwambie mtu," nikamwonya Safa. "Hata mwalimu. Hata huyo rafiki yako Sheryl."

"Na nikiumwa?"

"Sema ni kichwa."

Nilidhani namlinda.

Safa alianza kushuka darasani. Muhula mmoja alikosa shule siku kumi na tisa, na mimi kila mara napeleka uongo mpya: mafua, harusi, mgeni kutoka Mumias. Mwalimu wake, Mwalimu Gordon, aliandika kwenye ripoti: "Mvivu. Hasikilizi. Anaomba kutoka kila mara." Nilisoma, nikakunja ile karatasi, nikaificha chini ya godoro.

Basi, Jumanne moja mwezi wa Februari nilikuwa nafungua belo, mzigo mzima wa sweta za mitumba. Simu ikalia. Nikaangalia namba.

"Dorca, ni shule."

Siku hiyo Dorca hakucheka. "Pokea, Mama Safa. Pokea tu."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Mama Safa? Mimi ni Sista Amolo, nesi wa shule. Safa ameumwa ghafla. Niko naye hapa, anaongea, lakini njoo sasa hivi."

"Nenda!" Dorca akasema. "Vitu vyako niko navyo."

Sikumbuki nilivyopanda bodaboda. Nakumbuka nilikuwa naomba Mungu kwa sauti, na yule dereva akaongeza mwendo bila kuniuliza kitu. Njia nzima nilikuwa namwona Farouk kwenye kitanda cha hospitali.

Nesi huyu nilimjua kwa macho. Alikuwa amekuja Januari. Jumanne na Alhamisi yuko shuleni kwetu, siku nyingine anazunguka shule za jirani. Wazazi tulipoitwa kumsikiliza, mimi nilitoka nje nikajifanya naongea kwa simu. Niliogopa ataniangalia usoni ajue.

Chumba chake kilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika. Sasa kilikuwa na kitanda, kabati na beseni. Safa alikuwa amejikunja kitandani, ameshika miguu yake, analia bila sauti. Mwalimu Gordon alisimama mlangoni na mkoba wa Safa mkononi.

Sista Amolo hakupoteza muda. "Mama, nauliza swali moja. Mtoto ana selimundu?"

Nikamwangalia mwalimu. Nikaona ile fomu. Nikaona tukifukuzwa tena.

"Hapana," nikasema.

Astaghfirullah! Mtoto wangu yuko pale anasaga meno kwa maumivu, na mimi mama yake nasema hapana.

Sista alichukua ule mkoba, akamwomba mwalimu atoke, akafunga mlango. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mama Safa, mimi si polisi. Macho ya mtoto ni ya manjano. Mifupa inamuuma miguu yote miwili. Ukiniambia hapana, tutapoteza saa nzima tukitafuta ugonjwa mwingine, na hiyo saa hatuna." Akaniona bado naangalia mlango alikotokea mwalimu. "Kwani ni nani aliwafukuza?"

Nikaanza kulia. "Anayo, Sista. Alizaliwa nayo. Iliniulia mtoto mwingine."

"Pole sana, Mama. Asante kwa kuniambia."

Hakunigombeza. Alimpima Safa joto, akampa dawa ya maumivu kulingana na uzito wake, akamfunika blanketi, akamnywesha maji kidogo kidogo. Akapiga simu hospitali kuwaambia anamleta mgonjwa wa selimundu, akatuma mtu aombe gari la mwalimu mkuu. Halafu akaniuliza, "Leo amekunywa maji?"

"Chupa nzima! Anamaliza kila siku."

Sista aliangalia midomo ya Safa. Ilikuwa mikavu, imepasuka. Akatoa chupa kwenye mkoba. Ilikuwa tupu, na ilikuwa bado saa nne asubuhi.

"Safa, nyathina," akasema kwa Kijaluo, yaani mwanangu. "Haya maji uliyanywa?"

Safa akatikisa kichwa.

"Uliyapeleka wapi?"

"Kwenye ua," Safa akanong'ona.

"Ua gani?"

"Lile la hapo langoni."

Nililijua ua hilo. Wazazi wote tulilijua. Jua lilikuwa limekausha uwanja wote wa shule, lakini kile kichaka kimoja cha langoni kilikuwa kijani na kimejaa maua mekundu. Hata mimi nilikuwa nimewahi kukisifu.

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku. Nikinywa nakojoa sana, Mama. Na kibao ni mara moja."

Ndipo nikaelewa habari ya kibao. Katika darasa la Mwalimu Gordon kulikuwa na kibao cha mbao kilichotundikwa kwenye msumari. Ukitaka kwenda choo, lazima ukibebe, na kila mtoto alikibeba mara moja tu kabla ya mapumziko. Siku moja Safa aliomba mara ya pili, akakataliwa. Akalowesha nguo mbele ya darasa zima. Tangu siku hiyo hakunywa maji shuleni. Na mimi jioni natingisha chupa, nasema mtoto mtiifu.

Safa alilazwa siku tatu, amewekewa maji kwenye mshipa. Daktari akisema, "Tungoje kidogo," mimi nasikia, "Jiandae." Sikukaa kwenye kiti. Nilisimama nikihesabu anavyopumua.

Siku ya tatu alikaa, akaomba chapati. Mbarak alitoka nje ya wodi kufuta macho, eti ni vumbi.

Lakini hofu yangu haikuisha, ilibadilika tu. Sista Amolo alipiga simu. "Mkitoka hospitali, njooni shuleni wewe na Baba Safa. Kuna mambo ya kuongea."

Nikamwambia Mbarak, "Basi. Tumefukuzwa." Siku ya kwenda nilibeba mfuko mkubwa wa kuwekea vitabu vya Safa.

Tulikaa katika chumba cha Sista: mimi, Mbarak na ovaroli yake, Safa, Sista mwenyewe na Mwalimu Gordon. Sista aliandika kwenye daftari kisha akaanza kuongea polepole.

"Damu yetu ina chembe nyekundu za mviringo. Zinateleza kwenye mishipa bila shida. Za Safa nyingi zinajikunja kama mundu wa kukatia mpunga kule Ahero. Zikijikunja, zinakwama kwenye mishipa midogo. Zikikwama, hapo ndipo mwili unauma. Akikosa maji, akipigwa na baridi, akipata homa au akikimbia kupita kiasi, zinajikunja zaidi. Ugonjwa huu hauambukizi na si uchawi. Mtoto anaurithi kwa baba na kwa mama, hata kama wao hawaumwi."

"Kwa baba pia?" Mbarak akauliza. Kwao walikuwa wanasema ni damu ya upande wangu.

"Nusu kwako, nusu kwake, Baba Safa."

Mbarak akaangalia viatu vyake.

Mwalimu Gordon akakohoa. "Lakini Sista, huyu mtoto alikuwa anaomba kutoka kila mara. Mimi nilidhani anakimbia hesabu."

"Figo zake hazishiki maji vizuri, Mwalimu. Maji yanapita haraka. Lazima anywe, na akinywa lazima aende choo. Ukimkataza choo, umemkataza maji. Hata kitandani anaweza kulowesha, na si uvivu."

Mimi niliinamisha kichwa. Mara ngapi nimemgombeza mtoto huyu kwa ajili ya shuka?

"Hesabu pia nakimbia," Safa akasema kwa sauti ndogo. "Kidogo."

Mwalimu Gordon alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Safa, mimi sikujua. Nisamehe. Kuanzia leo huhitaji kibao. Simama tu uende."

Sista akatusomea alichoandika. Safa akae na chupa yake juu ya dawati, anywe hata katikati ya somo. Avae sweta asubuhi za mvua. Acheze na wenzake lakini apumzike akichoka, asilazimishwe kukimbia. Akikosa shule, Sheryl ampelekee kazi nyumbani ili asiachwe nyuma. Kisha akainua kidole.

"Hili ndilo kubwa. Akipata homa, au kifua kiume, au ashindwe kupumua, au tumbo livimbe, au upande mmoja wa mwili ulegee, au maumivu yakatae dawa, mnampeleka hospitali hapo hapo. Msingoje Jumanne nije mimi."

Nikauliza kwa woga, "Kwa hivyo, Sista, hamtufukuzi?"

"Kufukuza nani? Kazi yangu ni kuhakikisha mtoto yuko darasani, anasoma. Na huo mfuko ni wa nini?"

"Wa mboga," nikasema.

Wote wakaangalia mfuko. Nadhani hakuna aliyeniamini.

Wiki hiyo Sista aliingia darasani kwa kina Safa akawaeleza watoto wote. Sheryl ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kukaa naye dawati moja. Siku hizi anamkumbusha kunywa kwa sauti kubwa mpaka Safa anaona haya.

Nisikudanganye kwamba ugonjwa umekwisha. Mwezi wa Juni, siku ya mvua na baridi, ulirudi. Safa aliinua mkono akasema, "Mwalimu, imeanza." Mwalimu Gordon alikuwa na karatasi ya Sista kwenye droo. Alimpa maji, akamfunika, akanipigia simu. Nilipokea ilipolia mara moja tu. Tulimpeleka kliniki mapema, akapata dawa, na siku ya tatu alirudi darasani. Muhula ule alikosa siku nne. Kwenye ripoti Mwalimu aliandika, "Anajitahidi sana." Hesabu bado si nzuri, lakini hiyo si ya selimundu, hiyo ni ya baba yake.

Na mimi? Bado mwoga. Simu ikilia mikono inakuwa baridi. Tofauti ni kwamba sasa napokea.

Februari imerudi, jua ni lile lile. Juzi nilienda shuleni kwa mkutano wa wazazi, na safari hii nilikaa mstari wa mbele. Nikiwa natoka nilisimama langoni. Kile kichaka kilikuwa kimekauka kama kuni, hakuna hata ua moja. Mwalimu Gordon alikuwa hapo na jembe.

"Mama Safa, hiki kimekufa. Wacha nikitoe tupande kingine."

"Usikiguse, Mwalimu," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka. "Kiache hapo hapo. Nataka kukiona hivyo kila siku nikimleta mtoto."