Kadi Mbili Kwenye Namba Moja

Saa mbili na robo asubuhi, picha za kifua cha seremala ziligoma kuondoka hospitalini. Mwenyewe alikuwa wodini akitema damu, na bingwa wa kuzisoma alikuwa mji mwingine, akisubiri. Kompyuta kuukuu ya chumba cha picha ilirudia maneno yale yale: kadi haipatikani.

Fundi wa kompyuta alipoingia, hakuna aliyeitikia salamu yake.

"Jana si ulisema umemaliza?" Mganga mkuu alimvaa. "Mgonjwa akifa, mama, utajibu wewe."

"Nilifunga kadi ya ISDN, ile ya kupeleka picha kwa laini ya simu, nikaweka draiva yake, programu ya kuifanya mashine iitambue. Tukajaribu laini, bingwa akapokea."

Daktari wa picha alicheka kwa dharau. Jana hakuwa kazini, na leo alidai ndiyo kwanza anafika. "Kadi ya simu na kadi ya sauti umezipa namba moja ya kuiitia mashine, zigombane kama wake wenza. Fundi uchwara!"

Fundi alivuta kiti. Aliketi, akafungua mipangilio. Kweli, kadi zote mbili zilikuwa namba tano. Daftari lake lilisema kwamba jana kadi ya simu aliipa namba kumi. Akatazama faili la mipangilio: lilibadilishwa leo, saa moja na dakika kumi na mbili. Akalinganisha saa ya mashine na ya mkononi. Zililingana.

"Ufunguo wa hapa anao nani?"

"Mfanya usafi," alisema mganga mkuu, na papo hapo akamwita kwa ukali. "Wewe! Umegusa nini humu?"

"Mimi na mashine wapi na wapi? Nafuta vumbi tu!" Mfanya usafi alikumbatia ndoo yake. "Tena leo hata sikufuta. Nilifungua, nikatolewa."

"Na nani?"

Akatazama sakafu. "Mkinifukuza kazi, nani atanitetea?"

Fundi alimgeukia daktari. "Hizo kadi kuwa namba moja, jambo hilo mimi nimeliona sasa hivi, baada ya kufungua ukurasa huu. Wewe unayefika sasa, uliliona wapi?"

Daktari alimtupia mfanya usafi jicho kali.

"Ni yeye," mfanya usafi akasema. "Saa moja alinitoa, eti ana kazi ya haraka."

Fundi alifungua jalada la seremala. Picha zilikuwa mbili. Ile ya miezi mitatu iliyopita ilikuwa na saini ya daktari: mapafu salama.

"Bingwa angeziona zote mbili," fundi alisema.

"Kivuli kama punje ya mchele!" daktari alifoka. "Miaka ishirini nasoma picha, nimekosea mara moja!"

"Siku ile ulikosea, daktari. Leo hukukosea."

Akairudisha kadi ya simu kwenye namba kumi, akaizima mashine na kuiwasha. Taa ya kijani ikawaka. Daktari alinyoosha mkono auchomoe waya wa simu, mganga mkuu akaudaka. Picha zikaenda, pole pole.

Saa tatu kasorobo simu ililia. Bingwa alisema maneno machache: ugonjwa ulikuwepo tangu picha ya kwanza, bado unatibika, mleteni leo hii.

"Nipe barua yangu ya kufukuzwa, niondoke," daktari alinong'ona.

"Barua utaipata," mganga mkuu alimjibu, akimfungulia mlango wa kwenda wodini. "Kwanza kamweleze seremala, kabla gari halijaja."