Chungu cha Sabuni ya Emna

Alhamisi ya tarehe 14 Agosti, saa tisa alasiri, Emna binti Bubaker alitoka mbio ndani ya hamamu ya Sidi Jabnun, bafu la umma la mji, akiwa na taulo moja tu, akipiga kelele kwamba anaungua. Wanawake waliomsindikiza kuogeshwa walikuwa bado wanapiga vigelegele, wakidhani bibi harusi anafanya mzaha. Walinyamaza walipoyaona mabega yake. Ngozi ilikuwa imevimba toka shingoni hadi viwikoni, na shavu la kushoto limeanza kuchubuka. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. La mkuu wa wilaya lilikuwa nayo, ila lilikuwa limetumwa kufuata matikiti ya mkewe. Emna alipelekwa Susa kwenye gari la muuza kuku, katika hospitali ile ile inayowarudishia wanaume nguo za wake zao ndani ya mfuko wa plastiki, bila hata neno la pole.

Kabla ya magharibi mkuu wa kituo cha polisi alikwisha kumpata mhalifu. Sabuni ilipikwa na nani? Na Dalenda, mpika sabuni wa maharusi. Basi ni Dalenda. Wakubwa hufikiri hivyo, kazi inaisha mapema. Walimtoa nyumbani mikono ingali na mafuta ya zeituni, wakamwacha mwanawe wa miezi minane analia mikononi mwa wifi yake, Shedlia. Jumamosi asubuhi angepelekwa kwa hakimu, na kutoka huko watu hawarudi upesi.

"Huyu mtoto bado ananyonya," Sajini Neji alimwambia mkuu wake.

"Maziwa yanauzwa dukani, Neji. Haya, una mpaka kesho alasiri. Ukikosa, nasaini."

Neji alikuwa sajini kwa miaka kumi na tisa. Hakupandishwa cheo kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza.

Ijumaa asubuhi alianzia hamamu, kwa Manubia mwenye kuogesha.

"Ukiingia upande wa wanawake," Manubia alimwambia akiwa amesimama mlangoni, "nitakusugua mpaka itoke ngozi uliyozaliwa nayo."

"Nitabaki hapa hapa, mama. Nani alikileta chungu cha sabuni?"

"Wasila, binamu yake bibi harusi. Alikileta kabla ya saa sita, kimefungwa kitambaa. Nikakiweka mbele ya macho yangu mpaka saa tisa. Hakuna aliyekigusa. Nilimpaka Emna mimi mwenyewe, kwa hiki kifuko cha kusugulia. Bila kifuko ningeungua na mimi."

Wasila alikuwa nyumbani kwao anakunja nguo za harusi isiyokuwepo. Mji mzima ulijua kwamba Lamin, bwana harusi, alikuwa mchumba wake kwa miaka miwili kabla hajahamia kwa Emna.

"Najua umekuja kwa nini," alisema. "Sema tu."

"Ulimwonea wivu?"

"Kwani mimi jiwe? Nimeona wivu mpaka usingizi ukanihama. Lakini ningekuwa na kitu cha kumwagia mtu, ningemmwagia Lamin. Emna kanitua mzigo tu, mwenyewe hajajua."

"Ulikifungua chungu?"

"Sabuni ya harusi ya mtu mwingine niifungue nione nini? Nilikichukua chumbani kwa Dalenda saa nne. Yule jirani wa mbele akaniita nipige pasi gauni langu, nikakitua ukumbini. Nusu saa hivi. Nikarudi nikakikuta pale pale."

"Ukumbini palikuwa na nani?"

"Shedlia na mtoto. Yeye na Dalenda wanaishi nyumba moja, Sajini, ukumbi ni mmoja."

Neji alikwenda kwenye nyumba hiyo. Mume wa Dalenda alikuwa kazini kusini. Dada yake, Shedlia, mwanamke wa miaka arobaini na sita asiyewahi kuolewa, alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Bandani kulikuwa na kopo la kostiki, ile chumvi kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Dalenda na Shedlia wote walilitumia, hivyo kopo halikusema kitu.

Shedlia alimwekea kahawa, mkate na pilipili ya kusaga iliyoelea kwenye mafuta. Yeye kahawa yake aliiacha mpaka ikafanya utando. Alikunywa maziwa ya mgando, kwa kijiko, taratibu.

"Huli, dada?"

"Nile nini, na wifi yangu yuko ndani?" Alisema polepole, kama mtu mwenye usingizi. "Dalenda si mbaya. Ila ni mwepesi. Sifa zimemlevya, labda alikosea vipimo."

"Nani alimfundisha kupika?"

"Mimi. Alikuja hapa hajui hata kuosha sufuria."

Neji alipitia hamamu kuchukua chungu, akarudi nacho kituoni. Mlinzi alimwambia kwamba Dalenda hakulala, ila usiku alikuwa amemaliza mkate mzima wa pilipili, maana mwenye kunyonyesha hawezi kukaa na njaa. Neji alikiweka chungu mbele yake, akafungua kitambaa.

"Nataka unieleze ni kwa namna gani..."

Hakumaliza. Dalenda alikwisha kuchovya kidole na kukigusisha kwenye ncha ya ulimi.

"Tfu! Nipe siki, Sajini! Nipe siki!"

Alisukutua, akatema, machozi yakimtoka. "Hii imeongezwa kostiki baada ya kuiva. Jana asubuhi ilikuwa poa kabisa."

"Una wazimu? Umeona ilivyomfanya mtu, nawe unaitia mdomoni?"

Dalenda alikitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. "Sikufikiri. Mkono umekwenda wenyewe. Mpika sabuni akifunua chungu huonja. Ikiuma, haijawa sabuni. Shedlia alikuwa akinichapa kofi mkononi kila nikisahau. Sasa hata nikilala naonja."

Neji alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

Baada ya swala ya alasiri walikutana ukumbini kwa Shedlia: mkuu wa kituo, aliyekuwa akitazama saa, Bubaker babake bibi harusi, Wasila, na Dalenda katikati ya askari wawili. Neji alimimina kahawa, akampa Shedlia kikombe.

"Kunywa, dada. Ingali moto."

"Sitaki."

"Basi tutolee ulimi."

"Neji," mkuu wake alisema, "umekuwa daktari siku hizi?"

"Mkubwa, aliyeharibu sabuni hii aliikoroga upya. Wasila angekoroga akafunika, hajui mengine. Lakini mpika sabuni akishakoroga huonja, apende asipende. Usiku Dalenda alikula pilipili akaimaliza. Mlinzi ni shahidi. Ulimi wake ulikuwa mzima mpaka leo saa nane, alipoonja mbele yangu. Huyu hapa tangu jana anameza maziwa."

"Niliungua na mkate wa moto," Shedlia alisema.

"Mkate huunguza ulimi wote. Kidole huunguza ncha tu. Tutolee."

Hakuutoa. Aliketi chini, mtoto akiwa bado mgongoni, na alipoanza kusema wote waliona, maana ncha ilikuwa nyeupe, imechubuka.

"Miaka ishirini nimewapikia maharusi wa mji huu," alisema. "Hakuna aliyenipikia mimi. Sawa, nikanyamaza. Akaja huyu, nikampa mikono yangu. Sasa wanawake wanafungua mlango wangu, wananiruka kama kizingiti. 'Dalenda yupo?' Huyo Emna alikalia godoro langu hili akamwambia, 'Siogi sabuni nyingine ila ya mkono wako.' Mkono wake! Huo mkono wa nani?"

"Mwanangu amekukosea nini?" Bubaker alipiga kelele.

"Nilitaka awashwe kidogo tu. Awashwe, watu waseme Dalenda hajui."

Mkuu wa kituo alisimama, akarekebisha mkanda. "Tangu mwanzo tulikuwa tunamfuatilia huyu," alimwambia Bubaker, akampa mkono. Neji alitazama ukutani.

Dalenda alifunguliwa pingu. Alikwenda kwa wifi yake, akafungua fundo la nguo na kumchukua mtoto, ambaye alianza kunyonya pale pale, mbele ya wanaume wote. Dalenda hakujifunika. Alikuwa akimtazama Shedlia.

"Wifi," alisema. "Awashwe kidogo, nimekusikia. Lakini uliionja. Ikakutoa ngozi ya ulimi, ukajua hapohapo kwamba hii si ya kuwasha. Ilikuwa saa nne na kitu. Hamamu iko hapo nyuma ya msikiti, na Emna hakuingia mpaka saa tisa. Saa zote hizo, wifi, ulikuwa umekaa unangoja nini?"