Kinywa cha Oshino

Jumatatu asubuhi Chizuru Morikubo alikuta michoro yake imelowa. Ni pembe moja tu ya kila karatasi, lakini dari lilikuwa kavu, dirisha limefungwa, na chumba kizima kilinuka tope la mtoni. Alipoianika ndipo akaona kwamba yule msichana aliyemchora Ijumaa akitabasamu, sasa kaachama kinywa.

Chizuru alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa miaka thelathini alikuwa akichora filamu za katuni kwa mkono katika studio ile ile ya Sendai. Aliujua mstari wake. Kinywa kile kilichorwa kwa mstari wake, ila si yeye aliyekichora.

Filamu ilitokana na hadithi ya kale ya kijiji cha Nezugawa. Daraja lao lilisombwa na mafuriko miaka mitatu mfululizo, wanakijiji wakasema nguzo inataka mtu, wakamchukua Oshino, yatima wa miaka kumi na miwili, wakamfukia humo akiwa hai. Husimuliwa kwamba alikwenda kwa hiari yake, huku akitabasamu. Hamanaka, mwongozaji, alilipenda tabasamu hilo kuliko chochote. Alisema watazamaji watatoka wakilia machozi matamu.

Chizuru akafuta, akachora upya. Jumanne kinywa kilikuwa wazi tena. Jumatano kilijaa tope. Alipomweleza Hamanaka, aliambiwa amechoka, akalale, ila tabasamu liwe tayari wiki hiyo hiyo.

Mchana wa Alhamisi, Sawako, mpaka rangi wa meza ya pili, aliweka chini bakuli lake la tambi na kuinama kuelekea sakafuni.

"Dada Chizuru," akanong'ona, "na wewe unasikia?"

"Nasikia."

"Ni panya, eti?"

"Panya hamwiti mama yake."

Sauti ilikuwa ya kucha zikikwaruza mbao kutoka chini, polepole, kisha kwa haraka, na katikati yake kilio chembamba cha mtoto, na Chizuru alipotaka kuinuka aliona mkono wake wa kulia umekuwa baridi kama samaki wa barafuni, umeshika penseli, unachora wenyewe, kinywa juu ya kinywa juu ya kinywa, mpaka karatasi ikatoboka na maji meusi yakaanza kupanda kupitia tundu lile.

Wapaka rangi wote wakagoma kuingia chumbani. Hamanaka hakuwa na la kufanya ila kukubali aletwe Bi Kise, mwaguzi kipofu kutoka Aomori. Alikuja saa sita mchana, akaketi sakafuni, akasugua shanga zake ndefu hadi akapandisha pepo. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto, na ilikuwa na hasira.

"Nani kasema nilicheka?"

Bi Kise akapiga sakafu kwa kiganja.

"Nilimng'ata yule aliyenishika. Nilimng'ata mpaka mfupani. Wakanijaza tope ili nisipige kelele. Nani kasema nilicheka?"

Chizuru akapiga magoti. "Mimi ndiye niliyechora, mdogo wangu. Nisamehe. Nitakuchora ulivyokuwa."

Bi Kise akageuza macho yake meupe mlangoni, alikosimama Hamanaka, akangoja. Hamanaka akainama mpaka kiunoni, akaahidi kwa kinywa chake kwamba filamu itaonyesha hivyo. Harufu ya tope ikatoweka papo hapo.

Siku kumi na moja Chizuru alichora kwa hasira ambayo hakujua kama anayo. Aliwakasirikia wanaume wa kamba na majembe, akawakasirikia waliosimulia vizuri kilichotendwa vibaya, akaukasirikia mkono wake uliotii kila ulichoambiwa kwa miaka thelathini. Oshino wake alipiga mateke, alitukana, aling'ata. Hamanaka akaitazama michoro, akasema ni kazi kubwa, akaichukua.

Filamu ilionyeshwa kwanza Nezugawa kwenyewe, Jumapili asubuhi, katika ukumbi wa shule. Wanaume wakamshika Oshino kwenye pazia la sinema. Oshino akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la Ijumaa ile, lililokuwa limenakiliwa kwenye kompyuta kabla karatasi hazijalowa.

Chizuru alimgeukia Hamanaka, aliyekaa kiti cha pili.

"Kuna watoto humu, Bi Morikubo," akamnong'oneza. "Nani atataka kuona yale mengine?"

Kabla hajamaliza harufu ikaja, nzito kuliko siku zote, ikapita kati ya viti kama mtu anayetafuta mahali pake, na kina mama wakaanza kuwafunika watoto pua, na pazia likalowa kutoka chini kwenda juu huku lile tabasamu likiendelea kung'aa, mpaka Hamanaka akatoa mguno mmoja mfupi na kuukumbatia mkono wake. Taa zilipowashwa, damu ilikuwa ikimtiririka kwenye shati. Alama za meno zilionekana wazi. Yalikuwa meno madogo.

Jumanne Hamanaka akampigia simu Chizuru nyumbani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba daktari ameshona mara mbili na nyuzi zimefumuka mara mbili, na kwamba bafuni kwake kuna mtu anayekwaruza sakafu.

"Nitarudisha michoro yako, yote," akasema. "Tafadhali, mwambie nimekubali. Wewe anakusikiliza."

"Uliyeahidi ni wewe," Chizuru akasema. "Mwambie mwenyewe."

Hakukata simu. Aliiweka mezani, akavuta kiti, akakaa. Alimsikia Hamanaka akiliita jina la Oshino, kwa adabu, mara tatu. Kisha akasikia mlango ukifunguka, na maji.