Zawadi ya Mafuta kwa Philomena

Foleni ya samaki na chipsi Ijumaa ile mjini St. John's, Kanada, ilikuwa imefika barabarani. Philomena Careen, koti jekundu la mvua limemkaa barabara, akageuka na kubana pua.

"Kaka, umeoga mafuta ya taa?"

"Ya kupashia nyumba joto," akajibu Leander Pike, akicheka. "Naendesha lori la mafuta. Ukikaa na mimi hushikwi na baridi."

"Mwone kwanza! Nani kasema nitakaa?"

Akakaa. Kufika Novemba hawakuweza kupitisha siku bila kupigiana simu.

Asubuhi moja ya theluji, Philomena akiwa kazini, Leander alisimamisha lori nje ya nyumba ambayo Philomena aliachiwa na marehemu bibi yake. Alitaka kumjazia tangi kimyakimya, kwa mshahara wake mwenyewe. Bomba la kujazia lilikuwa pale ukutani, akaunganisha mpira wa lori. Watu wa kazi hii hujaza kwa sikio: tangi likipokea, bomba la hewa hupiga mluzi, pasipo mluzi, unafunga haraka. Mluzi ukaja, mwembamba, mtamu. Akamimina lita mia nne.

Jioni simu ikalia.

"Leander, kipenzi, chumba cha chini kimejaa mafuta! Tangi la kule chini nililing'oa kiangazi, nikaweka hita za umeme. Nani kanifanyia hivi?"

"Sijui," akasema Leander, na papo hapo akajichukia.

Wakaja mafundi wenye suti nyeupe, wakavunja sakafu, wakachimba udongo. Bima ya Philomena ikakataa kulipa: nyumba isiyo na tangi haina kinga ya mafuta. Kampuni za mafuta mjini, ya Leander ikiwemo, zikasema hazina oda ya nyumba hiyo. Basi mwenye nyumba alipe, na ili alipe, auze nyumba.

Siku dalali alipotarajiwa, Leander akatangulia kufika. Baridi ya ndani haikuwa ya kawaida, na harufu ilipanda ngazi.

"Ni mimi, Mena. Nilitaka kukupa zawadi. Nimewaandikia kampuni na bima yao kila kitu. Lori ni lao, watalipa wao. Mimi wamenifukuza asubuhi hii."

Kofi likatua shavuni. "Wiki tatu unanibembeleza kwenye simu, na unajua! Hukuona hamna mluzi, wewe uliyeniambia mnajaza kwa sikio?"

"Ulikuwepo. Haki ya Mungu niliusikia."

Philomena akapauka. "Bomba la hewa lilizibwa kwa saruji. Nilisimama pale nikiangalia. Fundi alisahau lile la kujazia tu." Akageuka polepole kuelekea jikoni. "Bibi ndiye aliyekuwa akipiga mluzi, kila akipika. Alinikataza nisiguse lile tangi."

Vinyweleo vikamsimama Leander. "Ananichukia?"

"Hakumpenda mwanamume yeyote aliyeingia hapa. Atakupenda wewe?"

"Basi nisirudi?"

Philomena alifuta machozi. Kisha akapaza sauti, isikike mpaka kule chini.

"Nyumba hii ni yangu sasa! Leander, kalete nguo zako kabla giza halijaingia. Na ukinidanganya tena, nakufukia kwenye lile shimo."

Saa tisa alasiri alikuwa amesharudi na sanduku.